Wazee tuna kazi mikononi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Nina miaka 73. Nilikuwa muuguzi wa wodi hadi nilipostaafu, na tangu hapo neno ninaloambiwa kuliko yote ni "pumzika". Nikishika ndoo, "Bibi, wacha, nitabeba mimi." Nikiinuka kufuata miwani, mtu keshanyanyuka kuniletea. Wananipenda, nami nawashukuru kwa dhati. Lakini nimewaona wazee walioingia wodini wakitembea, wakalala kitandani majuma machache, na siku ya kuruhusiwa tukawa tunawafundisha upya kusimama. Msuli usiotumika hunyauka upesi, na uzeeni kuurudisha ni kazi kubwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linatutaka sisi wenye miaka 65 na zaidi tufanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, na siku 3 au zaidi tufanye yale ya nguvu na ya kujimudu kusimama ili tusianguke. Hiyo ni chini ya nusu saa kwa siku. Kutembea kwa mwendo wa kukuhemesha kidogo, huku bado unaweza kuongea, kunatosha. Mimi huongeza kusimama kwa mguu mmoja nikiwa nimeshika ukingo wa meza, kisha ule mwingine.

Ila kilichonirudishia hamu ya kuamka ni kujalidi vitabu. Nilifundishwa baada ya kustaafu na mzee mwenzangu aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana. Nabandua jalada, nakwangua gundi kuukuu mgongoni, napanga karatasi zilizokunjwa mafungu mafungu, natoboa kwenye mkunjo kwa msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea, kisha nashona kwa uzi niliopaka nta usije ukalegea. Mwisho kitabu hulala chini ya uzito usiku kucha. Vidole vyangu huwa vimekakamaa asubuhi, kwa hiyo sindano naishika mchana. Asubuhi ni ya kukwangua na kukata. Kazi hii inataka akili nzima. Ukikosea mpangilio wa mafungu, unafumua yote.

Katika kitabu kimoja nilichokuwa nakishona nilisoma habari za mchoraji Henri Matisse wa Ufaransa. Mwaka 1941, akiwa na miaka 71, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, na kusimama kuchora kukawa kugumu. Akachukua mkasi, akaanza kukata karatasi zilizopakwa rangi, mara nyingine akiwa kitandani. Aliendelea hivyo hadi karibu na kifo chake mwaka 1954, na kazi hizo zinapendwa hadi leo. Nilifurahi sana kusoma hayo. Mwili ulimkatalia njia moja, akatafuta nyingine.

Sisemi uzee hauumi. Nimemzika mume wangu na marafiki wengi. Jioni huandika kwenye daftari nani kanitendea wema gani siku hiyo: aliyenitungia uzi sindanoni, aliyenipisha kiti. Kisha nikiweza nampigia simu nimwambie. Jioni nyingine ni nzito na mstari hauji upesi, lakini nikiutafuta huupata, na sauti ya yule ninayempigia hunichangamsha.

Ombi langu ni hili. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 1 Oktoba kuwa Siku ya Kimataifa ya Wazee. Kila ikifika, magazeti hutuonyesha tumekaa mstari mmoja tukipokea zawadi. Safari hii tumeni mwandishi atuulize: unatengeneza nini, na nani anakisubiri? Mpiga picha naye apige mikono yetu ikiwa kazini. Wako wanaosuka, wanaofanya useremala, wanaotunga mashairi, wanaojifunza kinanda wakiwa na miaka 80. Mkikosa pa kuanzia, njooni kwangu. Nina atlasi iliyofumuka mgongo, na mwenyewe anaitaka kabla shule hazijafunguliwa.

Muuguzi mstaafu