Barua kwa Mwanaidi: doa kwenye picha ya Mama

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Mwanaidi mwenzangu,

Pole sana na kuuguza. Barua yako niliisomea ndani ya daladala hadi nikapitiliza kituo. Umeandika kwamba daktari alikuonesha picha ya kichwa cha Mama, akaweka kidole juu ya doa lisilozidi ukubwa wa korosho, nawe ukabaki unajiuliza: kitu kidogo hivi ndicho kilichomnyang'anya maneno yote? Anaelewa kila mnachomwambia, anacheka panapochekesha, lakini akitaka kuomba maji linatoka neno lile lile, "haya, haya."

Unajua kazi yangu ni kuwalaza watu ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Madoa kama hayo nayaona kila wiki. Picha za kawaida huonesha doa liko wapi, ila lilichokikata hazikioneshi, na nadhani jibu la swali lako liko hapo.

Ngoja nikusimulie habari za Mfaransa mmoja aliyeitwa Leborgne. Alikaa miaka 21 katika hospitali ya Bicêtre, kila anachoulizwa anajibu "tan, tan", huku anaelewa mengi anayoambiwa. Alipofariki Aprili 1861, daktari Paul Broca aliutazama ubongo wake, akakuta jeraha mbele, upande wa kushoto. Tangu hapo tukafundishwa kwamba usemi una chumba chake mahali pale. Bahati nzuri Broca hakuukata ubongo ule. Aliuhifadhi mzima, na mwaka 2007 watafiti wakachapisha picha zake za MRI. Jeraha lilikuwa limezama mbali kuliko jicho la Broca lilivyoweza kufika. Lilikuwa limeharibu hata njia kubwa ya nyuzi za neva inayounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na zile za nyuma. Broca aliiona nyumba iliyoungua, lakini barabara iliyokatika chini yake hakuiona.

Mama naye, kwa jinsi ulivyolieleza lile doa kuwa liko ndani, nahisi limeangukia barabarani. Na barabara nyembamba ikikatika, miji miwili mizima haipelekeani kitu.

Utaniuliza, barabara hizo zinaonekanaje kwa mtu aliye hai? Wewe mtu wa Tanga utanielewa upesi. Chovya ncha ya kamba ya katani kwenye maji. Maji hupanda kwa kufuata nyuzi, hayakimbilii kukatiza ubavuni. Ndani ya ubongo nako maji hayatulii, na penye fungu la nyuzi za neva husogea kirahisi zaidi kwa urefu wa nyuzi hizo. Mashine hupima kila kipande kidogo maji yake yanaelekea wapi zaidi, kisha kompyuta huunga kipande na kipande hadi njia nzima ijichore. Mara ya kwanza kuona michoro hiyo nilisimama mbele ya kioo nikasahau chai yangu. Ni mafundo na mikunjo kama ukili unaosukwa, kutoka sikio hadi sikio.

Marekani walianza kazi kubwa ya namna hii mwaka 2010, wakiongozwa na vyuo vikuu vya Washington cha St. Louis na Minnesota, pamoja na Oxford cha Uingereza. Walipiga picha za vijana wazima zaidi ya 1,100, wa miaka 22 hadi 35, wengi wao ndugu wa damu na mapacha. Kila mmoja alilala kwenye mashine kama saa nne kwa jumla, na saa nzima kati ya hizo hakutakiwa kufanya lolote ila kutazama alama ya msalaba. Maana shughuli za sehemu za ubongo zinazoshirikiana hupanda na kushuka pamoja hata mtu akiwa ametulia. Kutokana na picha hizo, mwaka 2016 uso wa ubongo uligawanywa maeneo 180 kila upande, na 97 kati yake hayakuwa yamewahi kuelezwa. Data zenyewe ziko wazi kwa anayejiandikisha na kukubali masharti. Nami nilijiandikisha, na usiku watoto wakilala huwa nazifungua.

Lakini sitaki nikupe matumaini ya uongo. Kipande kimoja cha picha hizo kina upana wa milimita 1.25, na ndani yake mnapita malaki ya nyuzi. Zikipishana, kompyuta hubahatisha, na wakati mwingine huchora njia isiyokuwepo. Tena haijui ujumbe unakwenda au unarudi. Ili kuuona kila uzi inabidi kukata nyama yenyewe: mwaka 2024 watafiti wa Harvard na Google walionesha kipande cha ubongo wa binadamu cha milimita moja ya ujazo, na humo mlikuwa na seli zipatazo 57,000 na maungio ya seli na seli kama milioni 150. Kipande kama chembe ya mchanga, Mwanaidi! Ramani ya kichwa kizima hakuna aliyenayo bado.

Sasa nikuulize wewe. Umesema Mama akisikia kasida huimba, na maneno yanatoka sawasawa. Hilo usilipuuze. Wagonjwa wengi wa namna yake huweza kuimba wasichoweza kusema, au kuhesabu, au kusoma dua walizozizoea tangu utotoni, na kuna tiba ya usemi inayoanzia kwenye kuimba. Ulizia mtaalamu wa tiba ya usemi mapema, usingoje Mama apate nguvu kwanza. Na unitumie ile CD ya picha zake kwa mtu wa basi, nataka kuliangalia doa lile mwenyewe, nijue liko juu ya njia gani.

Mwambie Bi Mkubwa namsalimu, nakuja mwezi ujao na halua yake. Nataka aniimbie ile ya maulidi.

Wako,
Zuhura