Amilesi ikipanda sana si lazima mgonjwa azidiwe

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya ulieleza vizuri ugonjwa wa kongosho, hadi pale mwandishi aliposema kwamba kadiri amilesi (kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu) inavyopanda ndivyo mgonjwa alivyo hatarini. Hapo napinga. Nimestaafu kazi ya maabara hapa Moshi, na ndugu wa wagonjwa walikuwa wakiniuliza dirishani: "Mzee, imefika 2,000, atapona kweli?"

Amilesi au mwenzake lipesi ikifika mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, na maumivu ya chembe cha moyo yakipenya hadi mgongoni, daktari anajua kongosho ndilo linaloumwa. Kazi ya namba hiyo inaishia hapo. Wapo wa 2,000 waliorudi nyumbani kwa miguu yao, na wapo wa 400 waliopelekwa ICU.

Tofauti iko katika namna mwili unavyoitikia. Jiwe la nyongo au pombe (hata mbege, Wachaga wenzangu mnisamehe) hufanya vimeng'enya vya kusaga chakula vianze kazi ndani ya kongosho lenyewe. Seli zilizojeruhiwa, pamoja na chembe nyeupe za damu, hutoa saitokini: TNF-alfa, interleukini-1, interleukini-6. Ni ujumbe wa kuita msaada. Ukiwa wa kiasi, mambo hutulia. Ukifurika kwenye damu, mishipa midogo ya mwili mzima huvuja, maji hujaa mapafuni, presha hushuka, figo hugoma. Mtu aliyeletwa kwa tumbo anakufa kwa kukosa pumzi.

Maabara zetu nyingi hazipimi interleukini-6. Lakini ndiyo inayolisukuma ini kutengeneza CRP, protini ya damu inayopanda mwili unapoitikia jeraha, na CRP tunaipima. Ikivuka miligramu 150 kwa lita kwenye saa 48, mgonjwa huyo asitolewe macho. Kabla ya hapo, hesabuni pumzi zake na pimeni mkojo wake. Havihitaji mashine.

Dawa ya kuzima ujumbe huo bado hatuna. Lexipafant, dawa iliyolenga molekuli mojawapo inayochochea mwitikio huo wa mwili, ilijaribiwa Uingereza, na matokeo ya 2001 yalionyesha haikuzuia viungo kushindwa. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wameingia kwenye jaribio viungo vimeshaanza kugoma.

Basi mwandishi wenu arekebishe, na aongeze hili: maumivu ya chembe cha moyo yasiyotulia, yenye kutapika, ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo, si ya kununuliwa dawa za vidonda vya tumbo dukani.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Moshi