YAH: MALALAMIKO KUHUSU ASPIRINI YA MILIGRAMU 75 INAYONUKA SIKI

Duka la Dawa,
Ngamiani, Tanga.
9 Juni 2025

Meneja wa Udhibiti Ubora,

Tafadhali rejea kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mfamasia msimamizi wa duka la dawa hapa Ngamiani. Mwezi Machi nilinunua kwa msambazaji wenu boksi 20 za aspirini ya miligramu 75, zote za toleo moja, yaani mkupuo mmoja wa kiwandani. Namba ya toleo na nakala ya ankara nimeziambatisha. Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu afisa mauzo wenu nimeongea naye mara tatu, na mara zote jibu limekuwa lile lile: "Dada, Tanga kuna joto na unyevu, angalia mnavyohifadhi." Jibu hilo silipokei.

Jambo lenyewe lilianza na mzee mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, ambaye mwaka juzi alipatwa na kiharusi chepesi. Wiki ya pili ya Mei alikuja, akaweka pakti juu ya kaunta, akasema, "Mwanangu, dawa yako imechacha." Nikacheka, nikijua ananitania. Kisha nikapasua foili ya kidonge kimoja cha kona, nikanusa. Siki tupu, kama bakuli la achari lililoachwa wazi usiku kucha. Kidonge kilikuwa kimevimba ubavuni, na nilipokigusa kwa ukucha kikamomonyoka.

Kemia yake unaijua kuliko mimi. Aspirini ikiingiwa na maji huvunjika ikawa asidi ya salisiliki na asidi ya asetiki, na hiyo ya pili ndiyo siki yenyewe. Anayetafuta nafuu ya kichwa asingepoteza sana, maana salisiliki nayo hutuliza maumivu. Mzee wangu hamezi aspirini kwa ajili ya kichwa. Anameza ili damu isigande, na kazi hiyo hufanywa na kile kipande cha asetili ambacho ndicho kimeshang'oka na kugeuka harufu. Kinachobaki humkera tumbo tu.

Nikafungua boksi nyingine, halafu nyingine. Kufikia jioni nilikuwa nimefungua boksi 11, yaani pakti 22, na msaidizi wangu akiandika. Pakti 19 zilikuwa na kidonge kibovu. Sasa naomba usome hapa polepole: katika pakti zote 19, kibovu kilikuwa ni kile kile, cha kona, chini ya mahali mashine yenu inapogonga namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vidonge vingine 13 vilikuwa vizima, vikavu, havina harufu. Unyevu wa Tanga tunaujua sisi tunaokaa nao. Unaozesha ukuta, unagandisha chumvi, lakini haujawahi kuingia ndani ya pakti ukachagua kona moja na kuziacha tatu.

Nikachukua pakti ambazo hazijaguswa, nikazizamisha kwenye bakuli la maji ya moto. Vipovu vidogo vikapanda kutoka kona ile ile, kimoja baada ya kingine. Najua hicho si kipimo cha maabara, ni bakuli la kuoshea vikombe. Lakini kipovu ni hewa, na mahali hewa inapotoka, unyevu unaingia. Dhana yangu ni kwamba ule mhuri wa kuchapa namba unakandamiza foili kupita kiasi na kuitoboa. Kama nimekosea, nionyesheni kilichotoboa.

Kuhusu hifadhi: boksi lenu limeandikwa "hifadhi chini ya nyuzi joto 30." Duka langu lina kiyoyozi na kipimajoto, na daftari la joto linajazwa asubuhi na alasiri, Jumapili ikiwemo. Tangu Machi hadi leo halijavuka nyuzi 28. Nakala za kurasa zimo. Rafu hiyo hiyo ina aspirini ya kiwanda kingine, nimeinusa yote, haina neno. Na hata tungekuwa tunaianika dirishani, usajili wa dawa hudai vidonge viwekwe ndani ya pakti yake kwenye kabati la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, kwa miezi 6, ndipo muonekane mmestahili. Tanga kali kiasi hicho mimi sijaiona. Kama pakti zenu zilipita kabati lile na hizi zimeshindwa na rafu yangu, basi hizi hazikufungwa kama zile.

Afisa mauzo alinitumia picha ya cheti cha uchambuzi kwa WhatsApp, nadhani ili nikae kimya. Nimekisoma chote. Kiasi cha kiambato hai kimo ndani ya kiwango, uzito unalingana, vidonge vilizungushwa mara 100 kwenye pipa la kupimia na havikupoteza hata asilimia 1, vinayeyuka kwa muda unaotakiwa. Sikipingi. Vidonge 13 kati ya 14 ninavyovishika hapa vinakubaliana nacho. Ila cheti hicho kinasimulia kidonge kilivyokuwa siku kilipotoka kwenye mashine ya kukandamiza, na mimi nalalamikia kilichotokea hatua moja mbele, kwenye kufunga. Kipimo cha kuvuja kipo na ni rahisi: pakti zinazamishwa kwenye maji ya rangi ndani ya chupa inayofyonzwa hewa, kisha zinafunguliwa kuona kama rangi imeingia kwenye kishimo chochote. Naomba rekodi yake kwa toleo hili. Pakti ngapi zilipimwa, saa ngapi za zamu, na nani alitia saini.

Juu ya yote, fungueni sampuli zenu za akiba. Kila toleo linalotoka kiwandani lazima lihifadhiwe kiasi chake, ndani ya pakti ile ile inayouzwa, hadi mwaka mmoja baada ya dawa kuisha muda wake. Akiba hiyo haijawahi kuja Tanga. Haijapanda lori wala kupita masika ya mwaka huu. Nuseni kile kidonge cha kona, halafu kipimeni salisiliki huru peke yake, msikisage pamoja na wenzake 13 mkapata wastani mzuri.

Huenda ukaniuliza kelele zote za nini kwa kidonge kimoja katika siku 14. Hata mimi nilijiuliza. Kidonge kimoja kibovu kila wiki mbili kisingemdhuru sana yule mzee. Kilichomdhuru ni kwamba alipokutana na harufu aliacha pakti nzima. Kwa siku tano hakumeza chochote, akisubiri mwanawe apate nafasi ya kumleta mjini. Mtu aliyewahi kupata kiharusi, siku tano. Sijui wako wangapi wengine walioitupa dawa kimyakimya, maana si kila mtu ana ujasiri wa kuja kumwambia mfamasia kwamba dawa yake imechacha. Tangu habari za zile dawa za maji za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto Gambia mwaka 2022, kina mama hapa hugeuza chupa kwanza wasome kiwanda kabla ya kuuliza bei. Ni mimi ninayesimama mbele yao na kusema "hii ni nzuri," na nasema hivyo kwa kuwaamini ninyi.

Nilichofanya hadi sasa: nimeziondoa rafuni pakti zote zilizobaki, nimewapigia wateja niliokuwa na namba zao, nimewabadilishia kwa dawa nyingine bila malipo. Taarifa ya ubora hafifu nimeijaza na kuituma kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na nimezitenga boksi ambazo hazijafunguliwa zisubiri mkaguzi. Sitazikabidhi kwa afisa mauzo wenu, hata akija na hati ya kuzirudisha.

Nawaomba mzuie toleo hili kwa wasambazaji wote leo, kabla uchunguzi wenu haujaisha, kisha mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 14 mkieleza sampuli za akiba zimeonyesha nini. Fedha ya boksi 20 tutaizungumza baadaye. Jibu lisije kwa WhatsApp.

Wako katika kazi,

(Saini)
Mfamasia Msimamizi

Nakala: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)

Viambatisho: ankara ya ununuzi, picha za pakti 19, kurasa za daftari la joto, Machi hadi Juni.