Kwa Hamisi, kuhusu kushuka mlima kwa baiskeli

Geneva, Jumapili usiku

Hamisi ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila vidole vyangu ndiyo vinakataa kushika kalamu, na sababu yake ndiyo habari yenyewe. Siku ile kwenye simu uliniuliza, "Tangu lini mtu akalipa nauli ili ateremke?" Nikacheka tu, sikuwa na jibu. Wewe unayetoka Mombo ukapanda hadi Lushoto kwa baiskeli, kwa nguvu ya miguu yako, kilomita zaidi ya 30 za kona juu ya kona, una haki zote za kutudharau. Lakini jana nilikuwa Les Gets, na sasa naweza kubishana nawe.

Les Gets ni kijiji cha Ufaransa, kama saa moja kwa gari kutoka hapa. Unavuka mpaka, unapita Cluses na Taninges, barabara inaanza kupanda, na unafika mita 1,170 hivi juu ya usawa wa bahari. Msimu wa baridi watu wanakwenda kuteleza kwenye theluji. Theluji ikiyeyuka, ile mitambo yao ya kupandisha watu mlimani haina kazi, kwa hiyo kuanzia Juni hadi Septemba inabeba baiskeli. Unaitundika yako, unakaa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye kamba nene ya chuma, miguu inaelea juu ya misonobari, na dakika chache baadaye uko juu bila hata tone la jasho. Najua hapa unatikisa kichwa. Endelea kusoma.

Baiskeli nilikodi, maana ya kwako mwenyewe bei yake ni ya pikipiki, tena pikipiki mpya. Shokapu za mbele zinazama hadi sentimita 20, na za nyuma vivyo hivyo. Siti imeteremshwa chini kabisa kwa sababu hakuna wa kuikalia. Unashuka umesimama kwenye pedeli, magoti na viwiko vimekunjwa. Tairi hazina tyubu, ndani wametia gundi ya majimaji inayoziba tundu la mwiba yenyewe, na hiyo niliionea wivu kwa niaba yako. Fundi akaniuliza breki ya mbele aiweke mkono upi. Kumbe Waingereza, ambao wamejaa kijiji cha jirani cha Morzine, wamezoea mkono wa kulia, na Wafaransa wa kushoto. Nikasema kulia, kama ile baiskeli ya baba yako tuliyojifunzia.

Njia zimepewa rangi: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi, na ugumu unapanda kwa mpangilio huo. Tulianzia upande wa Chavannes kwenye zile laini, mimi na mwenzangu wa kazini ambaye ameshakuja hapa miaka mingi. Na sasa ndipo jibu lako linapoanza, Hamisi. Kupanda ni kazi ya mapafu na mapaja. Kushuka ni kazi ya mikono na macho, na mimi mikono yangu imezoea kompyuta.

Breki unaishika kwa kidole kimoja, cha shahada. Vingine vyote ni vya usukani. Unapunguza mwendo kabla ya kona, njia ikiwa bado imenyooka, na ukishaingia unaachia breki ili tairi zishike ardhi. Kwa maneno ni rahisi. Lakini mwili wenyewe, ukiona bonde chini yake, unataka kufunga breki hapo hapo katikati ya kona, na hapo ndipo tairi linapokukimbia. Kwenye kona kubwa wamejenga kuta za udongo zilizoinama, unailaza baiskeli inazunguka nazo. Ukija polepole mno ukuta haukusaidii kitu, yaani woga unaadhibiwa kuliko ujasiri, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Macho nayo yatangulie kule kona inakoishia. Ukilikodolea jiwe utalifuata, maana baiskeli inakwenda macho yanakokwenda.

Halafu kuna matuta. Kabla ya kila kona, pale ambapo watu wote hufunga breki, ardhi imejikunja vituta vidogo vilivyosongamana. Kwetu tungesema ni rasta, ila hizi hazikuwekwa na mtu wa barabara, zimechimbwa na tairi za msimu mzima. Hapo hata zile sentimita 20 za shokapu hazitoshi. Hadi saa sita mchana misuli ya mikono ilikuwa imekakamaa, nikashindwa kufungua chupa ya maji. Mwenzangu akanifungulia bila kusema neno, na naamini alikuwa anajizuia kucheka.

Mchana tulihamia Mont Chéry, ng'ambo ya pili ya kijiji. Huko ndiko walikoshindania ubingwa wa dunia wa kushuka mteremko kwa baiskeli mwaka 2022. Loïc Bruni, Mfaransa, akaushinda mbele ya watu wake, taji lake la tano la wakubwa, na kwa wanawake akashinda Vali Höll wa Austria. Tulisimama pembeni nikautazama mteremko wenyewe: nyasi tupu zinazoinamia upande mmoja hadi tairi halina pa kuegemea, kisha msitu wenye mizizi iliyotapakaa. Wale huumaliza kwa dakika chache tu. Mimi niliutazama, nikachukua njia ya buluu. Huko juu Mont Blanc ilikuwa wazi kabisa, nyeupe hadi inaumiza macho. Nikamkumbusha mwenzangu kwamba Kilimanjaro inaizidi kwa zaidi ya mita 1,000. Alinyamaza.

Na ng'ombe! Wapo kila mahali, wa kahawia, uso mweupe, na kuzunguka macho kahawia tena, kama wamevaa miwani. Ni aina ya Abondance, maziwa yao yanatengenezwa jibini. Kengele zao unazisikia hata ukiwa kwenye kiti angani.

Gharama sikuipenda. Jumlisha tiketi ya siku, kukodi baiskeli na kinga za mwili, uibadili kwa shilingi, utashika kichwa. Wala sisemi Lushoto ijengewe viti vya angani. Ila kuna jambo moja la kuiga lisilotaka hela: vijana wa sepetu. Wanazunguka na majembe wakichimba mifereji midogo ya kutoa maji njiani kabla hayajapata nguvu ya kubeba udongo. Zile njia zako za wageni kule Magamba, kila masika zinapoharibika, ndicho zinachohitaji.

Kuhusu pedi za breki zako: kwa miteremko mirefu na matope tafuta pedi za unga wa chuma, zinavumilia joto na zinadumu. Huku zipo. Nipigie picha kalipa yako, kile chuma kinachobana pedi, kwa nyuma nijue ni aina gani, maana pedi hazilingani, na mtu wangu anakuja Dar mwezi wa Desemba. Fanya hivyo wiki hii, usiniambie "kesho" zako.

Mama mpe shikamoo yangu, na watoto wote wasalimie.

Wako,
Idi