Kwa Mnyalu: habari za eksteno, na mama yake Jembe

Mwanjelwa, Mbeya

Mnyalu wangu,

Kamwene! Huku wazima, baridi ya Julai tu ndiyo inatutesa, saa nne asubuhi mtu bado kajifunga koti mpaka shingoni. Shemeji hajambo? Mapacha wameanza shule? Nimekaa kimya na wewe umekaa kimya, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake. Ningekupigia, ila najua utaniambia uko kipindini, halafu jambo likatike katikati, na hili halitaki kukatwa. Lisome lote ndipo ukasirike.

Jambo lenyewe ni ile eksteno nyeusi, ile diski ya nje ya kompyuta yenye kazi zetu zote za kurekodi, yenye plasta ya hospitali upande mmoja. Uliondoka nayo uliporudi kwenu Iringa, nikakubali kwa sababu chumba changu cha wakati ule kilikuwa kinavuja. Iko wapi? Inawaka? Hapana, usiichomeke kwanza. Kama imelala kabatini miaka yote hii na ukiichomeka inaanza kugongagonga ndani, chomoa palepale, usijaribu tena, na tafadhali usimpe fundi wa hapo Miyomboni akaifungua kwa bisibisi. Niletee kama ilivyo.

Aliyeyaanzisha haya ni Kiwembe. Unamkumbuka, mdogo wake Bonge, tuliyekuwa tunamtuma maandazi wakati wa kurekodi. Sasa ana ndevu na anachana mistari ya hip hop, na anachana kweli, simpendelei: vina vinakaa, hapayuki, na akikosea anacheka na kuendelea. Juzi juzi alikuwa bandani kwangu Kabwe, natengeneza simu ya mteja, na kwenye memori kadi ya ile simu mlikuwa na wimbo wa Jembe, mchanaji wetu. Ule wa tarumbeta. Umefikaje mle sijui. Kiwembe akakaa benchini akaurudia, akaurudia, mpaka wateja wakaanza kunung'unika. Kisha akaniuliza huyu ni nani na kwa nini hamjui.

Nikamwambia ni Jembe wa Isanga, alishafariki, hana albamu. Akasema atakuwa nayo.

Basi ndiyo hivyo, kijana kalishikia bango. Anataka tukusanye kazi zote za Jembe tuzitoe Nanenane, wakati Nyanda za Juu Kusini yote inakuwa Uyole kwenye viwanja vya John Mwakangale, na jioni tufanye kilinge cha kuchana huku mjini: spika mbili, maiki, biti, basi. Hakuna mdhamini wala jukwaa. Kwa hilo nimempenda. Kuna jamaa wa matamasha alimwahidi nafasi kama angegeuza biti zake ziwe amapiano na kupunguza maneno. Kupunguza maneno, Mnyalu! Mchanaji! Kiwembe akamshukuru kwa adabu, akatembea kwa miguu hadi Ilomba, nauli anayo.

Tatizo ni kwamba nilichonacho ni takataka. Wimbo wa memori kadi ni MP3 ya 128, umebanwa mpaka matoazi yanalia kama mtu anakaanga mayai chumba cha pili. Huwezi kuumiksi upya, huwezi kuinua besi, sauti na biti vimeshaoana na talaka haipo. Kwenye eksteno ndiko ziliko WAV, sauti zisizobanwa, kila sauti peke yake, na yale mafaili ya FruityLoops, ile programu ya kutengenezea biti. Hata kama mafaili hayatafunguka (toleo lile la zamani, nusu ya vinanda vyake sina tena), sauti ya Jembe peke yake inatosha. Biti nitaijenga upya kuanzia chini, kasi ile ile ya mapigo 90 na kidogo kwa dakika, wala sitaongeza madoido. Nakumbuka alivyokuwa anachukia madoido. Ile siku nilipomwekea mwangwi kwenye vesi ya pili... basi, tuache, unaijua.

Nikamsomea kijana historia kidogo, maana yeye anadhani hip hop ya Mbeya imeanza na simu ya kugusa. Watu wakitaja Mbeya wanamtaja Sugu, na wana haki, Mr. II huyo huyo, baadaye mbunge wetu kuanzia 2010 hadi 2020. Lakini muziki ule ulisambaa ukitokea Dar. Enzi za kanda ilikuwa hivyo: redio kubwa ziko Dar, wasambazaji wako Kariakoo, na wewe uliye Soweto au Mafiati huku Mbeya na daftari lako la mistari utafute nauli kwanza, halafu utafute pa kulala, halafu ukae nje ya ofisi ya mtu usubiri aitwe mwingine. Asiye na nauli alibaki kuchania maskani. Sisi wa nyuma kidogo tulikuta kompyuta, tukadhani tumepona. Tulirekodi, ni kweli, tena kwa kuzungushia trei za mayai na mablanketi ya mama wa watu, lakini kutoa tulitolea wapi? Flashi. Memori kadi. Mkono kwa mkono mpaka jina la msanii linapotea njiani na wimbo unaitwa "Track 07".

Arusha wenzetu walijua kukaa kwao na wakasikika: kundi la Watengwa pale Kijenge, na X Plastaz waliochanganya sauti ya Kimasai na michano mpaka wakaitwa Ulaya. Dar walipokuja Tamaduni Muzik, kina Nikki Mbishi, One the Incredible, Songa na P the Mc, tukaona watu wanatoa kazi zao bila kuiomba redio ruhusa, na kilinge chao kinajaa watu waliokuja kusikiliza maneno. Huku kwetu tulikuwa na nini? Tulikuwa na wewe na eksteno. Usicheke, ni kweli. Andagraundi ya mji mzima, muziki wote usiopita redioni, iko kwenye kabati la mwalimu wa hisabati Iringa, chini ya mashuka.

Sasa nakuja penyewe, maana eksteno ni nusu tu.

Nilimwambia Kiwembe hatuwezi kutoa kitu mpaka mama yake Jembe akubali. Akanishangaa. Akasema hip hop yote ni ya kuokota, akanipa somo na mimi: Saleh Jabir mwaka 1991 alichana Kiswahili juu ya biti ya Vanilla Ice, yule mchanaji wa Marekani, na Vanilla Ice naye besi ile aliichukua kwa Queen na David Bowie, sasa mwenye mali ni nani? Nikamwambia unaona jinsi mfano wako unavyokufunga mwenyewe, maana Queen na Bowie walikuja kuandikwa kama watunzi wa wimbo ule na wakalipwa. Akanyamaza kidogo. Kidogo tu.

Lakini mimi siongelei besi. Naongelea sauti ya mtu aliyekufa. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inasema haki za mtunzi zinaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake, na zinakwenda kwa warithi. Jembe hakuoa, hakuacha mtoto tunayemjua (kama wewe unamjua, niambie sasa hivi). Baba alimtangulia. Anabaki mama, yuko Tukuyu, na kila shilingi itakayopatikana Boomplay au YouTube, hata ikiwa ya kununulia chumvi, ni yake. Hilo Kiwembe kalikubali haraka sana, kijana hana tamaa. Anachokwama ni kwa nini mama asikilize kwanza. Anasema tumpelekee hela baadaye, tumfurahishe.

Mnyalu, wewe unajua kwa nini. Yako mambo mawili.

La kwanza, tarumbeta. Ile sampo, kile kipande cha sauti tulichokiweka kwenye biti, haikutoka kwenye maktaba ya intaneti. Jembe aliikata kwenye kanda ya kanisani kwao, kanda aliyoichukua kwenye droo ya mama yake, na baada ya tarumbeta ile kwaya inayoingia sekunde chache, sauti ya kwanza pale ni ya mama mwenyewe. Kijana wa watu alimchania mama yake juu ya sauti ya mama yake, na mama hajui mpaka leo. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, tarumbeta zile si mchezo kule, zinasindikiza wafu. Akisikia ghafla kwenye bajaji zimewekewa ngoma na mistari mikali ya kijana wake, ataziitaje? Labda atafurahi. Labda ataona ni kufuru. Mimi sijui, na ndiyo maana siwezi kukisia kwa niaba yake.

La pili ni ile mistari minne ya vesi ya tatu. Ya baba na shamba. Wewe ndiye uliyekuwa chumbani naye siku aliporekodi, mimi nilikuwa upande wa pili na hedifoni, nikainua mkono tusimamishe, ukanitikisia kichwa. Hatukuizungumza tena. Ni mistari mizuri kuliko yote aliyowahi kuandika, hakuna anayebisha, na ni mistari inayomtaja marehemu mzee kwa jambo ambalo ukoo mzima unalijua na hakuna anayelisema. Kiwembe anasema kukata mstari wa mchanaji aliyekufa ni kumuua mara ya pili. Anasema kwa sauti kubwa, wateja wote wanageuka. Na mimi nusu yangu inakubaliana naye, kwa sababu tukianza kukata, nani atasimama wapi? Kesho mwingine atasema ondoa na ule wa mwenyekiti wa mtaa. Andagraundi ikianza kujipiga pasi ili isimuudhi mtu, basi tungemsikiliza yule jamaa wa matamasha, angalau yeye analipa.

Lakini nusu nyingine inamwona mama akienda kisimani watu wamenyamaza.

Kwa hiyo nimefika hapa: asikie yeye kwanza, yote, bila kukatwa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Si kumwomba saini kwenye karatasi huku tumemfichia wimbo. Akisema mistari ile itoke, itatoka, na Kiwembe atanuna. Akisema ibaki, itabaki. Akisema hataki hata kimoja kitoke, eksteno inarudi kabatini kwako, na bango tunalipasua.

Na hapa ndipo ombi langu. Siwezi kwenda peke yangu. Kwa mama yule mimi bado ni "yule wa studio", niliyemkeshesha mwanawe mpaka kifua kikaanza kumsumbua, ingawa kifua kilitoka kwingine na daktari alisema. Hakunisema vibaya hata siku moja, ila pale msibani alinipa mkono bila kuniangalia. Wewe ulibeba jeneza. Ulilala pale mpaka matanga yakaanuliwa, ukawa unampasulia kuni, mpaka leo anakuita "mwanangu wa Iringa" na akisikia mtu anatoka huko anauliza. Ukisema "mama, tumekuja kukusikilizisha kitu", atakaa. Nikisema mimi, ataniletea chai na kuangalia mlangoni.

Nimekupangia safari mwenyewe, usihangaike. Panda basi la asubuhi, usifike mjini, shukia Uyole, mimi nitakuwa pale na spika ndogo (si simu, simu itamharibia ile besi, na mama wa watu masikio yamechoka). Tutachukua haisi ya Tukuyu. Kitenge nimeshanunua, sukari tutanunua kulekule. Ila nipe siku mbili na eksteno kabla, nitengeneze angalau wimbo ule mmoja usikike kama binadamu. Ukiweza itume kwa basi mapema, kwa dereva unayemwamini, imefungwa kwenye nguo. Si kwa kondakta. Unakumbuka yaliyoipata maiki.

Kiwembe anataka kuja naye. Nimemkatalia, halafu nikajiuliza kwa nini nimemkatalia, sina sababu ya maana. Ana mdomo, lakini kwa wazee ana adabu, na pengine mama akiona kijana wa umri ule anazijua kwa moyo vesi za mwanawe... Wewe unaonaje? Aje au abaki?

Na zaidi: unakumbuka kama Jembe mwenyewe aliwahi kusema anataka ule wimbo utoke? Kwangu alisema "bado", ila alisema "bado" kwa kila kitu, hata chakula. Kwako alisema nini? Kulikuwa na toleo jingine la vesi ya tatu, au naota? Daftari lake lilibaki kwa nani, kwa dada yake wa Kyela au lilizikwa? Na wewe je, zile vesi zako mbili zimo humo humo, unataka zitoke au wanafunzi wako watakumaliza? Niambie kweli, Kiwembe anazipenda, anasema mwalimu alikuwa hatari. Mkuu wa shule atakuruhusu Ijumaa? Au tungoje likizo, ingawa likizo itatuvusha Nanenane?

Nijibu kabla ya Jumapili. Kijana anataka kuchora bango na nimemwambia jina la Jembe asiliandike mpaka nisikie kutoka kwako.

Wasalimie wote, na yule jirani yako wa ulanzi umwambie sijasahau.

Ndugu yako,
Kipara

N.B. Kioo cha simu ya shemeji kimepatikana, elfu thelathini na tano pamoja na ufundi. Huyo aliyemwambia hamsini asirudi kwake.