Ulaini wa picha uwe wa mwanga, usiwe wa ngozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wapiga picha wenzangu wa Mwanza, hasa vijana wenye studio na wale wanaopiga kwenye sherehe, kuhusu mtindo ulioshika kasi wa kuhariri picha za kidijitali ili zionekane laini, za kindoto, kama zilizopigwa kwa mkanda wa zamani. Siupingi mtindo huo. Nilianza kazi hii mwaka 1989 katika studio moja ya katikati ya mji, nikasafisha picha kwa mikono yangu katika chumba cha giza miaka mingi kabla sijashika kompyuta, na ninapomwona kijana aliyezaliwa baada ya mikanda kuadimika akiitamani sura ile, ninafurahi kwa dhati. Kinachonifanya niandike ni kwamba wengi wanaolainisha picha wanalainisha mahali pasipostahili, na wanaoumia ni watu waliomo ndani ya picha hizo.

Mwaka jana tulifanya sherehe ya kumuaga mpwa wangu, binti wa dada yangu, kabla ya kuolewa, kwao Igogo. Albamu ilipokuja, dada aliipitia mara mbili bila kusema neno, kisha akanigeukia na kuniuliza, “Kaka, huyu ni nani?” Mpwa wangu ni mweusi tii kama bibi yake, na juu ya nyusi ya kushoto ana kovu jembamba alilolipata utotoni alipoteleza kwenye mawe yaliyo nyuma ya nyumba. Katika albamu ile alikuwa maji ya kunde. Kovu halikuwepo. Vinyweleo vya paji la uso na mikunjo midogo inayojitokeza kwenye pembe za macho yake anapocheka vilikuwa vimefutwa, na shavu limekuwa kama beseni jipya la plastiki. Wakati huohuo taa za ukumbi zilizokuwa nyuma yake zilionekana kali, zenye kingo ngumu, na gauni lake jeupe lilikuwa limeungua kwa mwanga kiasi kwamba shanga alizozishona shangazi yake kwa wiki mbili hazikuonekana hata moja. Kila kilichopaswa kulainika kilibaki kigumu, na kila kilichopaswa kuachwa kililainishwa. Tulipouliza, tuliambiwa kwa upole kabisa kwamba hiyo ndiyo sura ya filamu, yaani ya mkanda, inayopendwa sasa. Tulipoomba picha asilia ili nizihariri upya mwenyewe, tukajibiwa kwamba kadi ya kamera ilikwisha kufutwa ili itumike kwenye harusi nyingine.

Sura ya filamu haikuwa hivyo, na mtu aliyeishi nayo anaweza kueleza ilitoka wapi. Jambo la kwanza, na kubwa kuliko yote, ni namna mkanda wa negativu ya rangi, ule ambao giza na mwanga huonekana kinyume, ulivyopokea mwanga mwingi. Sensa ya kamera ya kidijitali, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni kama safu za ndoo zilizopangwa mvuani: ndoo ikijaa imejaa, na tone linaloongezwa halina pa kukaa, ndiyo maana wingu au gauni jeupe hugeuka ghafla kuwa weupe mtupu usio na kitu ndani yake. Mkanda haukujaa ghafla. Kadiri mwanga ulivyozidi, ndivyo mkanda ulivyozidi kupata taabu kuongeza weusi kwenye negativu, kwa hiyo weupe ulipanda taratibu, ukafifia, na ukabaki na kitu cha kuonyesha hata pale ambapo mpiga picha alikuwa amezidisha mwanga kwa hatua moja au mbili. Ule mwonekano wa rangi zilizopauka kwa utamu, ambao vijana wanautafuta, mara nyingi ulikuwa ni mkanda wa negativu uliopewa mwanga zaidi ya kipimo chake.

Pili ni ule mng'ao wa kuzunguka taa. Mwanga mkali ulipenya tabaka la dawa, ukagonga plastiki iliyokuwa chini yake, kisha ukarudi juu umetawanyika, na kwa kuwa tabaka linalohisi wekundu ndilo lililokuwa chini kabisa, lilipata sehemu kubwa ya mwanga huo wa kurudi. Ndiyo maana ukingo wa taa katika picha za mkanda huwa na wekundu au uchungwa hafifu. Watengenezaji waliweka tabaka la kuuzuia mwanga huo, lakini halikuuzuia wote. Tatu ni chenga, vile vipunje vidogo vinavyoonekana kwenye picha. Katika mkanda wa rangi, chembe za fedha huondolewa wakati wa kusafisha, zikaacha mahali pake vijiwingu vidogo vya rangi, na vijiwingu hivyo ndivyo jicho huviona kama chenga. Msomaji atazame tena mambo hayo matatu: hakuna hata moja linalofuta kovu la mtu. Chenga hufanya kinyume chake, kwani huipa ngozi umbile hata pale ambapo lenzi haikulishika vizuri.

Tulikuwa na njia zetu za kuongeza ulaini pia. Fundi aliyenifundisha alikuwa na soksi nyeusi ya nailoni ya kike aliyoitunza kwenye bahasha kama kitu cha thamani, na kwa picha za maharusi aliivuta mbele ya lenzi akaifunga kwa mpira. Siku moja, nikiwa peke yangu, nilitaka kuilainisha picha iliyokwisha kupigwa, nikaivuta soksi ileile chini ya lenzi ya mashine ya kukuzia, ile inayomulika negativu juu ya karatasi ya picha. Picha ilitoka laini kweli, lakini ilikuwa na huzuni, kama ya msiba. Fundi alipoiona alinieleza jambo ambalo sijalisahau: soksi ikiwa kwenye kamera, mwanga ndio unaovuja kuingia gizani, ikiwa kwenye mashine ya kukuzia negativu, giza ndilo linalovuja kuingia kwenye mwanga. Ulaini ni mwelekeo. Kinachofanya picha iwe ya kindoto ni sehemu zenye nuru kumwagika kidogo juu ya jirani zake wenye giza, na programu inayopaka ukungu sawasawa usoni haiwezi kuleta hilo hata ikirudiwa mara mia.

Mpiga picha wa Kanada, Michael Orton, katika miaka ya 1980 alilifikia jambo hilo kwa njia yake: alipiga slaidi mbili, yaani picha za mkanda zinazotazamwa kwa kupitisha mwanga, za mandhari moja, zote zikiwa na mwanga uliozidi, moja kali na nyingine iliyotolewa fokasi makusudi, kisha akazipandanisha. Ile kali ilileta umbo, ile ya ukungu ikaleta rangi na mng'ao. Njia hiyo inafanyika kwenye kompyuta yoyote leo, na ningependa kueleza ninavyoifanya ili nisionekane nalalamika tu.

Wiki mbili zilizopita nilimpiga picha, kwa ridhaa yake, mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nilisubiri jioni, kwa sababu jua letu la saa saba mchana husimama karibu na utosi, likatia kivuli machoni, na hakuna uhariri wa kukitoa vizuri. Bali inapokaribia saa moja linashuka upande wa maji na kila kitu kinapata ukingo wa dhahabu. Vumbi la magamba ya dagaa lilikuwa limeshika kwenye mikono yake hadi viwikoni, linametameta. Nilipiga katika faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalihariri, nikapunguza mwanga kidogo ili maji yaliyokuwa yakimeremeta nyuma yake yasiungue, kwa kuwa kwenye kamera ya kidijitali kivuli kinaweza kuinuliwa baadaye lakini weupe ulioungua haurudi. Nyumbani niliinua vivuli, kisha nikaenda kwenye ule mstari wa toni (Curves), unaopanga weusi na weupe wa picha, unaopanda kutoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia. Ncha ya kushoto niliipandisha kidogo ili weusi kabisa uwe kijivu kizito, na ncha ya kulia nikaishusha kidogo ili weupe usifike mwisho. Nikapunguza ukolezi wa kijani na bluu, nikaacha uchungwa kama ulivyo, na sababu ya kuuacha nitaieleza.

Baada ya hapo nilinakili tabaka la picha, nikaipa nakala hiyo ukungu mwingi, nikaichanganya na ile ya chini kwa njia inayong'arisha, ambayo katika Photoshop huitwa Screen, kisha nikaipunguza nguvu hadi asilimia 15. Maji yakaanza kumwaga nuru yake kwenye ukingo wa khanga. Kwa brashi niliifuta nakala hiyo juu ya macho, mdomo na mikono, kwa sababu yale magamba ndiyo yaliyonifanya nisimame pale. Chenga nikaziweka mwisho kabisa, kipimo cha 20 kati ya 100. Basi. Uso wa mama yule sikuugusa, na alipoiona picha kwenye simu yangu aliita wenzake wa meza ya jirani waje kuiona.

Sasa kuhusu uchungwa. Priseti nyingi, yaani mipangilio ya uhariri iliyotengenezwa tayari, zinazouzwa mtandaoni kwa majina ya mikanda, hasa Portra, mkanda ambao Kodak iliuingiza sokoni mwaka 1998, zimepangwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Katika programu za kuhariri, ngozi ya binadamu wa kila rangi huangukia zaidi kwenye uchungwa na wekundu, na priseti hizo huongeza mng'ao wa uchungwa ili bibi harusi wa Ulaya aonekane kama maziwa. Ukiiweka priseti hiyohiyo juu ya mtu wa Mwanza, ngozi yake inapoteza kina, inakuwa ya kijivu kama iliyopakwa jivu, na mhariri akiona hivyo anazidi kuing'arisha ili kuficha kosa. Ndivyo mpwa wangu alivyogeuzwa maji ya kunde, na sidhani kama aliyefanya alikusudia. Alinunua kazi ya mtu mwingine akaipaka juu ya uso ambao haikutengenezewa.

Nasema hivi nikijua kwamba mikanda yenyewe haikututendea haki. Kwa miongo kadhaa maabara zilipima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Watu waliowahi kufanya kazi katika kampuni hiyo wamesimulia kwamba malalamiko yaliyosikilizwa mapema ni ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi zao za kahawia zionekane vizuri kwenye matangazo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Nimezisafisha mwenyewe picha za shule ambazo watoto wa mstari wa nyuma walikuwa meno na kola za mashati tu. Kwa hiyo anayeiga filamu leo ana uhuru ambao sisi hatukuwa nao: achukue ule weupe usioungua, achukue mng'ao na chenga, na kile kipimo cha ngozi akiache hukohuko kilikotoka.

Jiji hili linapambana na mkorogo. Wauguzi wanasema, walimu wanasema, wazazi wanasema, na binti anayesikia hayo yote anafungua albamu ya dada yake na kukuta kwamba siku alipotakiwa kupendeza kuliko siku zote, alipendezeshwa kwa kuondolewa weusi wake. Mkorogo wa kompyuta hauharibu ngozi, lakini unamwambia maneno yaleyale. Simu nyingi nazo hulainisha uso zenyewe kupitia kamera ya mbele bila mtu kuombwa ruhusa, kwa hiyo mpiga picha anayelipwa ana wajibu mzito zaidi wa kutofanya hivyo.

Kwa wateja, ninashauri kwamba kabla ya kulipa amana mwombe kuonyeshwa picha tatu za watu weusi zilizohaririwa na studio hiyo, pamoja na asilia zake, na mseme wazi kwamba makovu, chale na rangi ya ngozi visiguswe pasipo nyinyi kuomba. Wanaofundisha upigaji picha nao wawaanzishe wanafunzi wao kwenye mstari wa toni kabla ya priseti.

Kwa wenye studio nina ombi moja, nalo ndilo lililonikaa rohoni zaidi. Zamani mteja alipochukua picha zake alipewa na negativu ndani ya bahasha ileile, zimekatwa vipande vipande, na hakuna aliyeona kwamba anafanyiwa hisani. Mkabidhini mteja faili asilia. Gharama yake ni kijiti kimoja cha kuhifadhia kumbukumbu, na mnaweza kuiingiza kwenye bei. Hapa nyumbani Kirumba ninazo negativu za harusi ya dada yangu ya mwaka 1994, zina ukungu kidogo pembeni kwa sababu ya unyevu wa ziwa, lakini nikiziweka dirishani bado naona kila uso uliokuwepo siku ile, na mwezi uliopita nilisafisha picha mpya kutoka kwazo kwa ajili ya wajukuu. Binti yake aliyeagwa mwaka jana hana kitu kama hicho, na hawezi kukipata tena.

Msomaji wako,
Mpiga picha wa zamani,
Kirumba, Mwanza.