Tusiache dawa ya tansio juu kichwa imeacha kuuma

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi, kuanzia komini ya Katuba mpaka komini ya Kenya, batu benye tansio (presha ya damu ya juu) banakunywaka dawa kidogo, kichwa ikiacha kuuma banasema nimepona, banaacha, na ile inaniuma sana. Tansio ikikaa juu miaka mingi mishipa mikubwa ya damu inakuwa migumu, haivutike tena, sawa mpira uliochakaa kwa jua, basi moyo unasukuma kwa nguvu zaidi na kila pigo linafika kali kwenye figo na ubongo. Dawa kama amlodipini, enalaprili ao losartani zinashusha presha, na presha ikishuka mshipa unalegea kidogo, lakini ukuta wenyewe kubadilika inaomba miezi ya kunywa kila siku, na hata hapo hauwezi kurudi kuwa wa kijana. Tena dawa hazifanane: atenololi, nayo dawa ya tansio, inashusha presha inayopimwa kwenye mkono kuliko ile ya karibu na moyo, kwa hiyo kuazimana vidonge na jirani, hapana jamani!

Ninaomba bauguzi betu babaelezee mama na baba zetu ile wazi, mwenye presha ya 140/90 ao zaidi apimwe tena, hata akijisikia muzuri.

Musomaji wenu, Katuba